Mara Mbili kwa Mkono

Mume wangu alipokufa, pikapu yake iliendelea kuwaka asubuhi. Nasimulia nilivyosikia. Haikuwa na betri. Jirani alikuwa ameiazima hata kabla ya matanga kuisha. Haikuwa na rejeta. Injini ilikuwa imefunguliwa uso, imefunikwa gunia la makaa, na juu ya gunia karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Lakini kulipokuwa kunapambazuka, baada ya adhana ya upande wa Kawangware na kabla ya jogoo wa jirani, niliisikia uani: krrr, krrr, kama njugu zikitikiswa ndani ya mkebe. Halafu kimya.

Mimi si mtu wa mizimu. Nilienda shule mpaka nikajua kusoma Biblia na kuandika jina langu, baba akasema inatosha, nikaenda kuchuma chai. Nimelea watoto, nimezika wazazi, nimeuza makaa Riruta tangu Naivasha Road ikiwa na vumbi la kufika magotini. Sijawahi kuona kitu ambacho hakikuwepo. Lakini sauti hiyo niliijua. Niliisikia kila asubuhi kwa miaka, mzee alipokuwa akiwasha gari likiwa baridi. Cheni ndani ya injini ilikuwa imelegea, na mpaka mafuta yapande na kuikaza, ilikuwa inagonga. Mume wangu hakuwa mtu wa kuaga. Hakusema natoka, hakusema tutaonana jioni. Ile krrr ndiyo iliyokuwa kwaheri yake, nami nikiisikia nilijua sasa nifagie.

Nilimwambia binti yangu, yule wa mwisho ambaye hakuolewa na bado tunakaa naye. Akaniangalia juu ya kikombe.

"Mum, hayo ni mabati. Jua likianza kuyapata yanalia."

"Jua halijatoka saa hiyo."

"Basi ni panya."

Sikubishana. Panya hajui kuwasha gari.

*

Mzee alikuwa fundi wa magari. Hakuwa na gereji ya kuandikwa jina ukutani; alikuwa na ua wetu, mawe ya kuinulia magari, mnyororo wa kunyanyulia injini uliofungwa kwenye mti wa mgrevilea, na watu waliomwamini. Pikapu yake mwenyewe ndiyo iliyotengenezwa mwisho siku zote. Ndivyo ilivyo kwa mafundi. Ya wateja inaondoka inang'aa, yake inaondoka ikikohoa. Tulibeba nayo makaa, nikiwauzia wachomaji nyama wa Kenyatta Market na watu wa mtaa wa Satellite waliokuwa bado wanapika kwa jiko.

Ule mwaka matatu zote zilipolazimishwa kuwa na mikanda na mstari wa njano, ua ulijaa mpaka sikuwa na pa kuanika nguo. Akafanya kazi usiku na mchana. Ilipopungua, ndipo nikaanza kuona mambo. Aliweka chumvi ndani ya chai akainywa bila kusema kitu. Nilikuta spana ndani ya pipa la unga. Alinijia siku moja na uso wa mtu mwenye haraka akaniuliza kama mama yake amekwisha kula, na mama yake tulimzika nikiwa na mimba ya kifungua mimba.

Halafu akafunga injini ya mteja akasahau kitu ndani. Sikuambiwa ni kitu gani. Nilimwona tu mteja amesimama langoni akiongea kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo ni mbaya kuliko kelele, na mume wangu amesimama mbele yake ameshika kitambaa akijipangusa vidole ambavyo vilikuwa vimeshakuwa safi. Baada ya hapo magari yakapungua. Hakuna aliyekuja kusema. Watu walipitia njia nyingine tu.

Mimi nikachukua debe, nikalipindua, nikakaa kando yake kila alipofanya kazi. Alijua kwa nini nimekaa hapo. Hakuniuliza. Akaanza kunieleza kazi, kama ananifundisha, na mimi nikajifanya nimekuja kujifunza. Hivyo ndivyo tulivyoheshimiana mwisho.

*

Aliniambia anataka kubadilisha cheni ya pikapu. Nikaona ni vizuri. Ni gari letu, akikosea tumekosea sisi wenyewe. Tukaenda mjini pamoja, tukateremka mpaka Kirinyaga Road, pale chini wanapopaita Grogan, ambapo mtu anaweza kukuuzia taa ya gari uliloegesha juu. Yeye hakununua kwa vijana wa barabarani. Alikuwa na Mhindi wake, mzee mwenye duka jembamba kama kabati, ambaye walijuana tangu wote wawili walipokuwa na nywele nyeusi.

"Fundi, karibu. Leo umeleta mkubwa wako."

"Nimeleta mkaguzi," mume wangu akasema. "Nipe cheni ya taimingi ya ile pikapu yangu."

Mhindi hakugeuka kwenda kwenye rafu. Aliniangalia mimi. Kisha akasema polepole, kwa adabu, "Fundi, si ulichukua wiki iliyopita? Hiyo hiyo?"

Nilimwona mume wangu akitafuta. Macho yake yalienda kwenye dari ya duka, yakashuka, yakazunguka kaunta yote. Halafu akacheka.

"Hiyo nyingine ni ya gari la mtu. Hii ni yangu."

"Sawa, sawa," Mhindi akasema. Akaitoa. Ilikuwa imefungwa ndani ya karatasi ya mafuta. Aliponipa mimi mfuko badala ya kumpa yeye, alinishika mkono kidogo. Wahindi wa rika lake hawashiki mkono wa mwanamke ovyo. Nikaelewa kwamba ameelewa.

Nyumbani nikaikuta ile ya kwanza chini ya kitanda, ndani ya karatasi ile ile. Nikaweka ile ya pili jikoni juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa ya sherehe.

*

Siku ya kazi alikuwa na akili safi. Ilikuwa hivyo, siku nyingine mawingu, siku nyingine jua kali kabisa. Alifungua mbele ya injini yote, akaniita nisogeze debe.

"Mama watoto, unaona? Hapa chini ni mguu, unazunguka na pistoni. Hapa juu ni mkono, unafungua na kufunga milango ya hewa. Cheni ndiyo inawashikanisha. Unakumbuka tukikaa chumba kimoja, Kangemi?"

"Nakumbuka kunguni."

"Sahau kunguni. Unakumbuka mlango? Mimi nikitoka na wewe ukiingia na sufuria ya chai?"

Nilikumbuka. Bado nina alama mkononi.

"Basi ndani ya injini ni hivyo hivyo. Pistoni inapanda, mlango unashuka, nafasi ni moja. Kila mmoja akijua saa yake, mwingine anakuwa ametoka. Cheni ikiruka jino, wanakutana mlangoni. Hapo hakuna kuungua mkono, hapo ni kuvunjana."

Akanionyesha. Gia ya chini ina nukta. Gia ya juu ina nukta. Na ile cheni mpya ina viungo viwili vya rangi ya dhahabu, vingine vyote vyeusi. Kiungo kimoja cha dhahabu kinakaa kwenye nukta ya chini, kingine kwenye nukta ya juu, na hapo umeweka taimingi. Aliviweka mbele yangu. Vidole vyake havikutetemeka. Niliona dhahabu imekaa juu ya nukta, chini na juu, kwa macho yangu.

"Sasa umemaliza," nikasema.

"Bado. Mtu anayepiga stata hapa ni mjinga. Kwanza unazungusha kwa mkono, mara mbili, polepole. Kama kuna mahali zinagusana, mkono utasikia. Stata haisikii kitu."

Hilo wanafunzi wake wote walilijua. Aliwapigia kelele kwalo kwa miaka. Mara mbili kwa mkono. Angekupa ruhusa ya kukosa kanisa kabla ya kukupa ruhusa ya kuruka hilo.

Aliponyoosha mkono kuchukua spana kubwa, mtu akaniita langoni. Ni mwanamke wa Satellite aliyetaka makaa, na alikuwa mwenye maneno mengi, na gunia lake lilikuwa limetoboka ikabidi nilishone. Niliporudi uani nilimkuta mzee amekaa chini, ameegemea gurudumu la mbele, spana iko mapajani. Anaangalia ukuta.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza kila kitu?"

Akaniangalia kama mtu anayeniona kwa mbali barabarani na hajui kama ni mimi.

"Nimemaliza nini?" akasema.

Nikamsimamisha, nikamnawisha mikono kwa sabuni ya unga, nikamlaza. Nikafunika injini kwa gunia vumbi lisiingie. Hakuamka vizuri tena. Walisema ni mshipa wa kichwa. Kabla ya Jumapili alikuwa ameondoka, na kwa kawaida yake hakuaga.

*

Baada ya mazishi, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja na fundi kijana. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka gari lisikae bure. Kijana akatoa gunia, akainama, akapiga mluzi.

"Mathe, hii ilikosewa."

"Nani amekosea?"

"Mzee. Angalia." Akanionyesha kwa kidole. "Hivi viungo vya dhahabu vinafaa kukaa kwa nukta. Hiki kiko huku, hiki kiko kule. Ukipiga hii stata, valvu zote zinapinda. Buda alikuwa ameshaanza kupotea, pole."

Niliinama. Ilikuwa kweli. Dhahabu haikuwa kwenye nukta ya chini. Dhahabu haikuwa kwenye nukta ya juu. Na mimi nilikuwa nimeiona imekaa pale.

"Naweza kuitoa niipange upya," kijana akasema. "Si kazi kubwa."

"Ama tuuze hii kitu kama chuma," shemeji akasema.

Nikachukua gunia mikononi mwa kijana, nikafunika.

"Hakuna atakayegusa," nikasema. "Chai iko ndani."

Watu walidhani ni huzuni. Haikuwa huzuni peke yake. Nilijua kilichotokea, au nilidhani ninajua. Nilipokuwa langoni nikishona gunia la makaa, yale mawingu yalimrudia, akaanza kuchezea kazi yake mwenyewe, akaitoa cheni, akairudisha ovyo, halafu akakaa chini asijue. Kazi ya mwisho ya mikono yake. Ningemruhusu kijana aipange upya, angepita Riruta nzima akisema amesahihisha kazi ya mzee, na watu wangetikisa vichwa na kusema maskini, mwisho alikuwa hajui. Wakiwa hawajui, walikuwa wanakisia. Nilipendelea wakisie.

Ndipo asubuhi zikaanza. Krrr, krrr. Kimya.

Nikilala ubavu huu naisikia, nikigeuka naisikia. Wakati mwingine nilitoka na leso mabegani nikasimama uani kwenye umande. Gunia limetulia. Nailoni ina matone. Ovaroli yake bado ilikuwa kwenye msumari wa kibanda, magoti yake yamejikunja kama bado kuna mtu ndani. Paka ambaye zamani alilala juu ya boneti sasa alizunguka mbali, akipita ukutani. Nilisimama pale nikisubiri mzee aseme anachotaka. Nilidhani ananiuliza kwa nini nilienda langoni.

Wamama wa kanisa wakasikia, sijui kwa nani, ingawa ninamshuku binti yangu. Wakaja na mwenyekiti wao, wamefunga vitambaa vyao vya kanisa vichwani.

"Mama, tungependa tuliombee hilo gari. Tulipake mafuta."

"Mafuta ya injini ama ya kupikia?"

"Ya zeituni, mama."

"Halitawaka kwa hayo. Kaeni mle viazi."

Wakala viazi. Wakaniombea mimi badala ya gari, na sikukataa.

*

Nilikaa hivyo zaidi ya miaka miwili. Makaa nilipeleka kwa mkokoteni wa kukodi, na mgongo wangu ukaanza kunidai. Binti yangu akajifunza kuendesha gari bila kuniambia. Siku moja akaja akasimama mbele yangu nikichambua maharagwe.

"Mum, hii gari tuitengeneze ama tuiondoe. Mimi siwezi kuzeeka nikipita kando ya kaburi kila nikienda choo."

"Usiite hivyo."

"Wewe ndiwe umelifanya hivyo. Umelifunika, umelifunga kamba. Imebaki maua."

Mtoto akikuambia kweli, unaweza kumchapa au kunyamaza. Huyu alikuwa mkubwa kwa kuchapwa.

Nikasema nitaita mtu mmoja tu. Aliyekuwa mwanafunzi wa mzee zamani, sasa mtu mzima wa mvi na ua wake mwenyewe huko Satellite. Alikaa kwetu miaka ya ujana wake, akala ugali wangu. Alipokuja nilimkalisha kwanza, nikamwambia masharti.

"Utafungua. Utaangalia. Utaniambia ukweli mimi peke yangu. Kama mzee aliharibu, utasema aliharibu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mama, mimi nakupaka vipi na wewe ndiwe ulinifundisha kunawa?"

"Kama aliharibu, utapanga upya na utafunga mdomo. Hata kwa mke wako."

Akaitikia kwa kichwa. Alienda uani, akasimama mbele ya ile pikapu kwanza, ametoa kofia. Kisha akafungua kamba. Fundo lilikuwa limekazwa na mvua, akalifungua kwa meno badala ya kulikata. Nilipenda hivyo.

Nilileta debe langu nikakaa pale pale.

Akaosha mbele ya injini kwa mafuta taa na brashi, taratibu, mpaka gia zikaonekana. Sikutaka kuangalia. Niliangalia mikono yake. Akatoa plagi ya kwanza, akaingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu ili asikie pistoni iko wapi. Ikasimama juu. Akaangalia nukta ya chini. Akaangalia nukta ya juu. Akavuta pumzi.

"Mama. Nukta zimekaa."

"Na viungo vya dhahabu?"

"Hivyo haviko."

"Basi si ndivyo nilivyoambiwa? Ilikosewa."

Fundi alikuwa amechuchumaa, mkono kwenye kidevu. Kisha akageuka akaniuliza swali ambalo lilinipanda mgongoni kama maji baridi.

"Ni nani ameizungusha hii injini?"

"Hakuna mtu."

"Mama, fikiria."

"Sina haja ya kufikiria. Nililifunika siku ile ile. Yule kijana wa shemeji aliangalia tu, nikiwa nimesimama hapa. Hakuna mkono ambao umeshika kitu hicho."

"Basi niletee cheni. Kipande chochote, hata cha baiskeli."

Nikaingia jikoni. Nikashusha sufuria ya sherehe, nikatoa ile karatasi ya mafuta. Alipoifungua na kuona cheni mpya kabisa, sawasawa na ile iliyo ndani ya injini, aliniangalia.

"Aliinunua mara mbili," nikasema. "Endelea."

Akaipeleka hewani, akaizungusha kwenye mikono yake miwili kama mtu anayeshikilia uzi wa kufuma.

"Hii ngumi ya chini ni gia ndogo. Hii ya juu ni gia kubwa. Dhahabu iko hapa na hapa. Umeweka taimingi. Sasa nazungusha." Akazungusha. Viungo vya dhahabu vikaondoka, vikasafiri. "Gia ya chini imezunguka, imerudi, nukta iko mahali pake. Lakini cheni ni ndefu kuliko gia, mama. Gia ikirudi nyumbani, dhahabu bado iko safarini. Inarudi baada ya mizunguko mingi sana. Dhahabu ni ya siku ya kuweka tu. Ukishazungusha, unaangalia nukta, huangalii dhahabu. Huyo kijana hakufundishwa na mzee."

Nilisikia maneno, lakini yalikuwa yanafika polepole.

"Kwa hivyo haikukosewa?"

"Ngoja."

Akachukua chaki. Akahesabu meno ya gia ndogo, akigusa kila moja kwa ncha ya bisibisi, midomo inacheza. Kisha akaanza kwenye nukta ya chini akahesabu viungo vya cheni, kimoja kimoja, kufuata njia inakozungukia, akipanda, akipita juu ya gia kubwa na kushuka upande wa pili, mpaka akafika kwenye kiungo cha dhahabu. Akasimama. Akarudia tena kutoka mwanzo. Binti yangu alikuwa ametoka nyumbani na kisu cha sukumawiki mkononi, akasimama nyuma yangu.

Fundi akaweka chaki chini.

"Ni meno ya gia ndogo mara mbili," akasema. "Kamili. Hakuna kinachozidi, hakuna kinachopungua."

"Maana yake?"

"Ilizungushwa mara mbili, ikaachwa pistoni iko juu, nukta zimekaa. Mama, hiyo ni nani?"

Alijua ni nani. Mimi pia nilijua. Niliona tena spana kubwa mapajani mwake, kichwa kimeegemea gurudumu. Nilikuwa nimeiona spana miaka yote hiyo na sikuiuliza ilikuwa inafanya nini hapo. Mtu hachukui spana kubwa ili akae nayo tu. Alikuwa amenyoosha mkono kuichukua nikiwa bado hapa. Nilipokuwa langoni akaiweka kwenye bolti ya chini, akazungusha polepole, akisikiliza kwa mkono. Mara moja. Mara ya pili. Akairudisha nyumbani. Ndipo akakaa.

Nimemaliza, alisema. Na alikuwa amemaliza. Mawingu yalisubiri mpaka akatoa spana.

"Mum," binti yangu akasema.

"Rudi kwa mboga," nikasema, kwa sababu sikutaka anione.

*

Walifunga mbele ya injini, wakarudisha rejeta, wakamwaga mafuta ya zamani yaliyokuwa yameganda kama ugali mweusi, wakaweka mapya. Betri ililetwa na jirani yule yule, ameipangusa, anaona haya. Binti yangu akaingia akashika ufunguo.

"Bado," nikasema.

Fundi alicheka chinichini. "Nilikuwa naenda kusema."

"Utasema baadaye. Nipe spana."

"Mama, ni ngumu."

"Nimebeba makaa tangu hujazaliwa."

Akatoa plagi zote ili iwe nyepesi, akaniwekea spana kwenye bolti. Nikazungusha. Haikuwa nyepesi. Ilikuja polepole, na injini ikatoa pumzi kwenye matundu yake, pumzi ndefu ya baridi yenye harufu ya chuma na mafuta ya miaka miwili iliyopita. Hewa hiyo ilikuwa imefungwa humo siku ile. Nilisimama kidogo mpaka ikaisha. Kisha nikaendelea. Mara moja. Mara ya pili. Mkono wangu ulisikiliza, na hapakuwa na mahali popote ambapo kitu kiligusa kingine. Kila mmoja alikuwa akijua saa yake.

"Piga," nikasema, walipokwisha kurudisha plagi.

Stata ikalia, ikalia tena. Ikashika. Na mara tu iliposhika, nikaisikia: krrr, krrr, ile ile, njugu ndani ya mkebe, mchana kweupe, watu wote wakiwepo. Binti yangu alinitazama kupitia kioo akiwa ametoa macho. Alikuwa ameisikia pia.

"Ni mafuta hayajapanda," fundi akasema haraka, akiwa ameinua mkono. "Imekaa sana. Iache."

Tukaiacha. Iligonga kidogo. Halafu mafuta yakapanda, cheni ikakazwa, na sauti ikakatika kama mtu aliyefunga mlango kwa upole ili asiwaamshe waliolala. Iliyobaki ilikuwa injini tu, ikizunguka sawasawa. Fundi alivaa kofia yake.

Shemeji nilimpigia simu siku hiyo hiyo, kwa kadi niliyokwaruza mwenyewe, nikamweleza yote mpaka ikaisha. Nikamwambia amweleze na yule kijana, na amwambie ahesabu meno kabla ya kuhesabu makosa ya wafu. Sikumwambia fundi afunge mdomo. Nilimwambia apite Riruta nzima akisema.

Alfajiri iliyofuata niliamka wakati ule ule. Adhana ikapita. Nikakaa kitandani nikisubiri. Jogoo akawika, mabati hayakulia, panya hawakulia. Baadaye binti yangu akatoka na funguo, akapakia magunia ya Kenyatta Market, akawasha. Ilishika mara moja, kimya kabisa, bila kugonga hata kidogo, na gari likatoka langoni bila kuaga mtu.

Nikachukua ufagio.